Mguu Ukifa Ganzi, Shuka Kwenye Mashine

Acha niseme kitu kitakachofanya makocha wa jimu kuanzia Suneka mpaka Keroka waninunie: mguu wako ukifa ganzi juu ya mashine, hakuna mafuta yanayoyeyuka hapo. Hakuna sumu inayotoka. Hujafika leveli yoyote. Kuna mshipa wa fahamu umefinywa, au damu inapita kwa shida, na kitu cha kwanza cha kufanya ni kushuka.

Nimekuwa nikirekodi video za mazoezi kwa jimu za Kisii na Nyamira kwa muda sasa, na ukikaa pale na kamera unasikia mengi. Ungedhani watu wanalalamikia magoti au mgongo. Wapi! Ni nyayo. Mtu anapanda ile mashine ya kanyagio mbili na mikono miwili, eliptiko, ile inayokufanya uonekane kama unateleza hewani, na dakika ya kumi hivi vidole vinaanza kuchomachoma kama amekanyaga siafu. Dakika ya kumi na tano anahisi kama amevaa soksi nzito ya pamba. Ya ishirini hahisi kitu. Anamwita kocha. Kocha anakuja, taulo begani, anamwambia, "Vumilia mama, hiyo ni mwili unazoea."

Hapo ndipo mimi na hao makocha tunaachana njia.

Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili nikashika kamera, na wajomba zangu bado wanaleta hiyo stori kila tukikutana kwa matanga. Lakini hii haihitaji digrii. Fizikia ya kidato cha kwanza inatosha: presha ni nguvu ukigawanya kwa eneo. Chukua uzito wako wote, uweke kwa kile kipande kidogo cha mbele ya unyayo, pale chini ya vidole, na presha inapanda. Katikati ya mifupa ya hapo ndipo inapita mishipa ya fahamu inayoenda vidoleni. Ikibanwa muda mrefu, inanyamaza. Ni kama kulalia mkono usiku, unaamka unakuta ni kama mkono wa mtu mwingine.

Mbona eliptiko ikushike na barabara isikushike? Kwa sababu kwa eliptiko mguu hauinuki. Ukitembea kutoka Daraja Mbili ukipanda mjini, katika kila hatua mguu wako unakaa hewani asilimia 40 hivi ya muda. Ukikimbia, unakaa hewani zaidi. Huko hewani ndiko mguu hupumua: ile presha inaondoka, damu inapita, vidole vinajikunja na kujinyoosha. Kwenye eliptiko unyayo umegandishwa juu ya kanyagio nusu saa nzima kama stempu kwa bahasha. Baiskeli ya jimu ni hivyo hivyo, na ukiongeza ule mkanda wa kanyagio ambao watu hukaza utadhani wanafunga ng'ombe, umemaliza kazi.

Tredmili ina nafuu kidogo maana hatua zinainuka. Lakini wenye bidii huiinua iwe kama mlima wa Nyanchwa, kisigino hakikanyagi vizuri, mbele ya unyayo ndiyo inabeba kila kitu, na tunarudi palepale. (Kwa taarifa yako, tredmili iliyolipa jina hilo umaarufu lilikuwa gurudumu la gerezani. Mhandisi Mwingereza anayeitwa William Cubitt aliliunda mwaka 1818 ili wafungwa wapande ngazi zisizo na mwisho. Kwa hivyo ukihisi unaadhibiwa pale juu, hujakosea sana.)

Sasa kuna wale wakisikia mtu akilia miguu wanatoa historia. Ati sisi ni watu wa Naftali Temu, mtu wa Nyamira aliyeletea Kenya dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City, 1968. Ati timu iliyoshinda dhahabu ya kupokezana mita 400 mara nne kule Munich mwaka 1972 ilikuwa na Asati, Nyamau na Ouko, watatu kati ya wanne wa kutoka huku kwetu. Ati Yobes Ondieki ndiye binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, Oslo, 1993, na wewe unalilia vidole? Sawa. Hayo yote ni kweli na mimi mwenyewe nikiyasema kifua kinapanda. Lakini hao walikimbia juu ya ardhi, mguu ukiinuka kila hatua. Kumtaja Temu ili kumnyamazisha mama wa miaka hamsini aliyekwama juu ya eliptiko ni kutumia jina la mzee vibaya.

Na wale wa "si mtembee tu barabarani, Kisii ni milima ya bure," pia nawasikia. Nitembee barabara gani? Hii ambayo mvua inaanza saa tisa alasiri na tope linashika kiatu mpaka kinabaki nyuma? Kisii inapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na nyingi naona zimeamua kunyesha nikiwa njiani. Bodaboda wanapita juu ya kile tunaita njia ya miguu, Probox inapita kushoto. Mwanamke akikimbia saa kumi na mbili jioni anaitwa majina kutoka stendi mpaka nyumbani. Kuna watu jimu ndiyo mahali pekee wanaweza kutoa jasho kwa amani, na hao ndio nataka wabaki. Mtu anayeumia miguu kila siku na kuambiwa avumilie, habaki. Analipa mwezi mmoja, anapotea, halafu tunasema ni mvivu.

Tuje kwa viatu. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kusema ukweli sehemu kubwa ya shida hii iko hapa, na kuitatua haihitaji pesa mingi.

Wengi wetu tunavaa raba za mtumba. Sina ubaya na mtumba. Raba kamera uliyoipata mapema siku ya soko pale Daraja Mbili inaweza kukaa kuliko mpya ya dukani ambayo gundi inaachia kabla ya Krismasi. Tatizo ni vile tunanunua. Tunanunua asubuhi, tumesimama kwa mguu mmoja juu ya gunia, muuzaji anatuambia "itaachia tu hiyo, itaachia." Tunaangalia rangi na nembo. Kiatu kikiingia, tumenunua. Kile hatujiulizi ni kama mguu utatoshea humo baada ya nusu saa ya jasho, kwa sababu mguu huvimba ukifanya mazoezi. Kiatu kilichokutosha sawasawa asubuhi ni kidogo kwako kwa mashine jioni. Na hakitaachia. Kile kitaachia ni kidole chako.

Halafu kuna namba. Namba 8 ya Marekani na namba 8 ya Uingereza si kitu kimoja. Kiatu cha kiume cha 8 ya Marekani kwa kawaida ni kidogo kuliko 8 ya Uingereza, na robota moja la mtumba lina viatu vya kutoka kila upande wa dunia. Usimwamini muuzaji, na usiamini namba iliyoandikwa chini ya soli peke yake. Geuza ulimi wa kiatu usome lebo ya ndani. Nyingi zina kipimo cha sentimita, na sentimita haina uraia. Ukiwa nyumbani jioni, mguu umeshavimba vile huvimba kila siku, kanyaga karatasi, chora, pima kutoka kisigino mpaka kidole kirefu zaidi. Pima miguu yote miwili kwa sababu mara nyingi mmoja umeuzidi mwingine, na ununue kiatu cha ule mkubwa. Ukikivaa, mbele ya kidole kirefu kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Upana nao watu husahau kabisa. Wengi tuliokulia kijijini tulienda shule peku au na malapa, vidole vikajitandaza vilivyotaka. Leo tunavikusanya ndani ya raba nyembamba yenye ncha kwa sababu inatoka vizuri kwa picha. Kinachonichekesha ni kwamba mtoto wa Kisii hununuliwa kiatu kikubwa namba mbili ili "akue nacho," na babake yuko jimu amebanwa.

Kama huwezi kununua kingine sasa hivi, anza na kamba. Legeza matundu ya chini, yale karibu na vidole. Kaza kiasi tu pale juu karibu na kifundo ili kisigino kisicheze. Ukiwa na mfupa ulioinuka juu ya mguu na hapo ndipo panawasha, ruka hilo tundu, usipitishe kamba hapo kabisa. Na tafadhali usiongeze soksi nzito ukidhani ni mto. Soksi nzito ndani ya kiatu kilichobana ni kuongeza abiria kwa Probox ya Nyamira.

Kwa mashine yenyewe maneno si mengi. Rudisha uzito nyuma, unyayo wote ulale kwa kanyagio, usisimamie vidole kama unachungulia ukutani. Acha kuning'inia kwa vyuma vya mbele. Punguza ugumu na kimo kwanza, muda utaongeza baadaye. Kila dakika chache inua kisigino, kisha vidole, vikunje ndani ya kiatu. Ukianza tu kuhisi siafu, shuka, tembea raundi mbili ndani ya jimu, rudi. Hakuna aliyekukataza kuigawa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa mwongozo wake wa mwaka 2020 hata ile sharti ya zamani kwamba kila kipande kifike dakika kumi iliondolewa. Kila dakika inahesabika. Nani sasa alikuambia ya nusu saa mfululizo bila kushuka ndiyo halali?

Najua nani. Kuna jimu moja, sitaitaja, ambako mashine zilikuja zimetumika ng'ambo na moja ya kanyagio raba yake iliisha zamani, unakanyaga chuma. Nilimwambia mwenyewe. Akaniambia mashine ni nzima, inawaka. Ada ya mwezi unalipa tarehe moja, lakini kiti cha kukalia ukifungua kamba hakuna, unakalia vyuma vya wanaume wa vifua. Ukutani kuna picha ya Mmarekani mwenye misuli na maandishi makubwa kuhusu maumivu. Mazingira yote yanakuambia usishuke.

Kijana wa umri wangu akidanganyika hapo, hasara yake ni ndogo. Atachechemea, atanunua raba nyingine. Lakini kuna watu ambao hilo neno "vumilia" linaweza kuwatoa mguu, na hao ndio wamenifanya nikaandika.

Kuna mama mmoja wa upande wa Kebirigo, umri wa mamangu, ana duka la nafaka na anakaa kutwa. Kliniki walimwambia sukari iko juu, apunguze uzito, ajishughulishe. Mtoto wake aliye Nairobi akamlipia jimu Nyamira mjini. Mimi nilikuwa pale kurekodi mambo yangu. Akaniambia, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Ekegusii, kwamba miguu yake huwa imelala hata kabla ya jimu, hata kitandani, na hiyo mashine inaizidisha. Alikuwa amemwambia kocha. Kocha akamwambia ni mwili unazoea. Na yeye alifurahi! Alidhani ni dawa inafanya kazi. Alipovua kiatu soksi ilikuwa na damu. Lengelenge lilikuwa limepasuka pembeni ya kisigino, sijui tangu lini, na hakuwa na habari.

"Mama, hii haikuumi?"

"Haiumi," akasema, akiiangalia kama ni ya jirani.

Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu. Huanzia mbali, kwa vidole vya miguu, mara nyingi miguu yote miwili, halafu inapanda polepole kama mtu anakuvisha soksi. Mguu ukifika hapo umepoteza kengele. Mwiba unaingia, kokoto linakaa ndani ya kiatu siku nzima, lengelenge linapasuka, na hakuna kinachokuambia angalia. Na kwa sababu damu nayo inaweza kuwa haifiki vizuri, kidonda kidogo kinakataa kupona, kinaoza, na mwishowe unasikia mtu wa kwenu amelazwa na madaktari wanaongea juu ya kukata. Sote tunajua jamaa wa hivyo. Matangani tunasema "sukari ilimtoa mguu," lakini mara nyingi ilianza na kitu kidogo hivi ambacho hakikuuma.

Kwa hivyo naomba mtofautishe ganzi mbili. Ile inayokuja juu ya mashine na kuondoka dakika chache baada ya kushuka na kulegeza kamba, hiyo karibu kila mara ni kiatu na mkao, shughulika nayo kama nilivyosema. Ile inayobaki, au inayokufuata kitandani, hiyo si ya kocha. Nenda zahanati au hospitali wakupime sukari, hata kama hujawahi kuambiwa unayo. Kama tayari unakunywa metformini miaka mingi, mwambie daktari kuhusu ganzi, kwa sababu hiyo dawa inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini na upungufu wake pia hufisha miguu ganzi. Usiiache tu kivyako. Wanaokunywa sana pombe, na najua chang'aa ya huku inavyopendwa, mishipa yao huharibika vilevile.

Mguu mmoja tu, na umeme unashuka kutoka kiunoni? Huo ni mgongo unaongea. Ukiona na haja ndogo haishikiki au ganzi iko katikati ya mapaja, hiyo ni hospitali leo, si kesho. Mguu ukiwa baridi na umepauka ghafla, ni vivyo hivyo. Na kuna wakimbiaji ambao ugoko hukaza kama mbao dakika ileile kila siku mpaka mguu unakufa ganzi, wakipumzika unaachia. Msuli umevimba ndani ya ngozi yake ngumu na umejikaba. Kubadilisha raba peke yake hakutamaliza hiyo.

Makocha, sisemi muwe madaktari. Naomba maswali mawili mtu akija mara ya kwanza: una sukari au presha? Miguu yako huwa inalala? Inachukua muda mfupi kuliko kumpiga picha ya kabla na baada. Na yule mwenye sukari asifukuzwe, mazoezi ni sehemu ya matibabu yake. Mwambie avae kiatu kizuri na soksi isiyo na mshono unaokwaruza, atingishe kiatu kabla ya kuvaa, na avue aangalie nyayo akimaliza. Kama haoni chini ya mguu, aweke kioo kidogo sakafuni.

Mama wa Kebirigo alitibiwa kile kidonda, kikachukua wiki kadhaa kufunga. Hakuacha jimu. Alihamia baiskeli, bila mkanda, vipande vya dakika nane nane. Kila kipande kikiisha anashuka, anavua raba, anapitisha mkono chini ya nyayo polepole kama anachagua maharagwe mabovu, kisha anavaa na kurudi. Kocha wake alinunua kiti. Ni cha plastiki na mguu mmoja umefungwa waya, lakini ni kiti.